Kila Kazi na Mwendo Wake

Watu wa pwani tumezoea kusemwa. Husemwa kwamba sisi ni wazito wa kuinuka. Kwamba mtu wa Tanga akikuahidi kuja saa nne, umtazamie saa sita. Na kwamba methali moja tu ndiyo tuijuayo, nayo ni "polepole ndio mwendo". Maneno haya husemwa kwa mzaha katika mabasi na maofisini, na aghalabu sisi wenyewe huyacheka. Lakini mzaha ukirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa hukumu, na hukumu hiyo huingia mpaka darasani. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuulize katika insha hii: mwendo ni nini, na ni nani apimaye kwamba huu ni wa haraka na ule ni wa kukawia?

Tuanze na lugha yenyewe, maana lugha ni ghala ya mawazo ya watu wanaoitumia. Neno mwendo lina maana zaidi ya moja. Ni kasi ya kwenda. Ni umbali pia, kama tusemapo kwamba kutoka mahali fulani hadi pengine ni mwendo wa siku moja. Tena ni namna mtu anavyoishi na wenzake, ambayo siku hizi tunaiita zaidi mwenendo. Tazama vilevile neno taratibu. Mtu akiambiwa "nenda taratibu", huonywa asiende mbio. Lakini neno hilohilo ndilo lililotupa utaratibu, yaani mpango mwema wa kufanya mambo. Kwa Mswahili, basi, kwenda taratibu si kwenda kwa uvivu. Ni kwenda kwa mpango unaoistahili kazi iliyo mbele. Wala lugha yetu haikupungukiwa na maneno ya upande wa pili: tuna hima, upesi, mbio na chapuchapu, na kila moja lina mahali pake.

Hata hivyo, hatukuyatambua haya kwa kusoma kamusi. Tulifundishwa na binti mmoja wa darasa la tano, na mafunzo hayo yalimgharimu yeye kuliko yalivyotugharimu sisi.

Ilikuwa mwaka 1978, mwaka ilipotungwa Sheria ya Elimu iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Tulikuwa walimu vijana watatu katika shule ya kijiji kimoja cha ufukoni, kaskazini ya mji wa Tanga. Sote tulizaliwa katika mkoa huu, lakini hapana aliyelelewa na bahari; tuliijua kwa kuitazama tu kutoka Ras Kazone siku za sikukuu. Tulifika na ari kubwa. Kengele yetu ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa katika mwembe, na tuliamini kwamba atakayeitii kengele ile ndiye atakayeijenga nchi.

Binti tunayemtaja alitushinda. Kwa siku kumi mfululizo aliweza kufika kabla ya kengele, akafagia darasa na kumwagilia bustani kabla ya wenzake. Kisha ghafla alianza kuchelewa. Siku ya kwanza alifika saa tano na nusu, ya pili saa sita na robo, ya tatu saa saba, na ya nne hakuja kabisa. Baada ya siku chache alirudi kuwa wa kwanza kama desturi yake, mpaka majuma mawili yalipokaribia kutimia, akachelewa tena kwa mpango uleule. Sisi tuliona ukaidi, tena ukaidi unaoongezeka kila siku kwa makusudi. Tulimwuliza sababu, akainamisha kichwa. Asubuhi moja tukamwadhibu kwa fimbo mbele ya wenzake, tukarudi ofisini tukijiona tumetimiza wajibu.

Siku mbili baadaye mama yake alikuja. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, wanangu." Akatuuliza hali zetu, hali za wazazi wetu huko tulikotoka, na kama maji ya kisima cha kijiji yametukubali. Aliuliza bila pupa, hata tukaanza kuona kwamba anatupotezea wakati. Kisha akasema alilojia kwa maneno machache: "Wanangu, nyinyi mnatazama saa. Mtazameni na mwezi." Akaaga, akaenda zake.

Jioni ile mmoja wetu aliazima dukani kalenda yenye kuonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tuliiweka kando ya daftari la mahudhurio, na hapo tukanyamaza. Kila alama ya kuchelewa iliangukia siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu. Siku za katikati, zote, binti alikuwapo.

Wanafunzi walio mbali na bahari yafaa waelezwe jambo hili. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa ya kupwa husogea mbele kila siku kwa dakika hamsini hivi kwa wastani. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huitwa maji ya bamvua, na katika pwani ya Tanga tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Siku za katikati maji husogea kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Tena katika ufuko wetu, wakati wa bamvua, maji huwa yamekupwa kabisa karibu na saa nne ya asubuhi. Wakati huo mwamba huwa wazi, na wanawake na watoto hushuka kuchokoa pweza na kuokota kome na chaza. Maji yakigeuka, kazi imekwisha. Hapana awezaye kuyaambia yangoje.

Mama yule alikuwa mjane. Pweza wa siku chache za bamvua ndiye aliyenunua mafuta ya taa, sabuni na madaftari ya binti yuleyule. Kuchelewa kulikoongezeka kila siku hakukuwa ukaidi. Kulikuwa ni maji yakisogea. Binti alikuwa mwaminifu kwa saa mbili zilizopingana, na sisi tulimpiga kwa kuitii moja.

Kosa la kuupuuza mwendo wa bahari si geni katika pwani hii. Kusini ya mji wa Tanga, kiasi cha kilomita 17, yapo magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya karne nyingi, mahali ambapo zamani paliitwa Mtangata. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, jina lake São Rafael, ilipanda juu ya fungu mbele ya mahali hapo, ikalazimika kungoja maji yajae ndipo ielee. Msafara ukaendelea kaskazini. Huko Malindi Wareno wakapewa rubani aliyeijua njia, na tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kushika, wakang'oa nanga. Wakavuka mpaka Bara Hindi kwa muda usiotimia majuma manne.

Wakati wa kurudi hawakungoja upepo wa kaskazi. Waliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, na mwanzoni mwa Oktoba wakaiacha pwani ya Bara Hindi na kukabili bahari kuu kabla ya wakati wake. Bahari ileile ikawachukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa ugonjwa wa kiseyeye. Januari mwaka 1499, walipofika tena kwenye fungu lile la Mtangata, watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakaichoma moto São Rafael wakaiacha hapo. Wenye majahazi wa pwani yetu, ambao walikaa bandarini miezi mingi wakingoja upepo ugeuke, wangeweza kuonekana wavivu machoni pa mgeni. Lakini katika kungoja kwao walikalafati vyombo, walishona matanga, walifanya biashara na kuoa. Kungoja kulikuwa sehemu ya safari.

Chini ya maji hayo kuna miendo mingine ambayo jicho haliioni upesi. Pweza hukua haraka mno. Mwamba ukifungwa kwa miezi michache tu, wavuvi hurudi wakakuta wakubwa kuliko waliowaacha. Tumbawe gumu la mviringo hukua kwa kiasi cha sentimeta moja kwa mwaka, hivi kwamba tumbawe lenye ukubwa wa pipa limekwisha kuishi umri wa mtu mzima au zaidi. Na katika vilindi kati ya Tanga na Pangani anaishi silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhani ametoweka duniani tangu zama za kale, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika majarife yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 Serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 umeonyesha kwamba samaki huyu aweza kuishi kiasi cha miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano. Pweza, tumbawe na silikanti wanaishi katika bahari moja, na kila mmoja anakwenda kwa saa yake.

Sasa mfikirie mtu anayetupa baruti baharini. Kwa miongo mingi pwani ya Tanga ilikuwa na sifa mbaya ya uvuvi huo, ingawa sheria imeupiga marufuku. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, na huvunja kwa nukta moja tumbawe lililojengwa kwa miaka hamsini. Mtupa baruti hana njaa kuliko mchokoa pweza. Tofauti yao ni kwamba mmoja ameupima mwendo wake kwa mwendo wa kile anachokivuna, na mwingine anataka bahari impe leo kile ambacho haijamaliza kukitengeneza. Ni jambo la kushukuru kwamba mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa juhudi za vyombo vya dola na vijiji vyenyewe, milipuko hiyo ilipungua sana.

Asije msomaji akadhani kwamba tunaisifu bahari ili tuitukane saa. Saa nayo ina historia yake katika Tanga, na historia hiyo ni yetu. Mwaka 1893 yalitokea mambo mawili. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandarini Tanga kuelekea bara, nayo ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Na mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba yaliyoufanya mkoa wetu ujulikane duniani, hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa kiasi cha tani 230,000 za katani.

Mkonge ni mwalimu mzuri wa jambo tunalolisema. Ukiupanda, huna budi kungoja miaka miwili au mitatu kabla ya kuukata mara ya kwanza, ukiuharakisha, unaudhoofisha. Lakini jani likishakatwa, polepole imekwisha. Hapana budi lifikishwe mashineni mapema, kwani likikauka nyuzi zake hushikana na kuharibika. Mmea mmoja, basi, unadai subira ya miaka na hima ya saa chache. Mkata mkonge aliyefunga majani yake thelathini-thelathini tangu alfajiri, kabla jua halijawa kali, aliyajua yote mawili.

Lililotuumiza wakati wa ukoloni halikuwa saa yenyewe. Ni kwamba saa ilikuwa mkononi mwa mmoja tu. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi ya siku thelathini za kazi, na mshahara wake ulingoja mpaka nafasi hizo zijae. Mvua za masika zilipomwita nyumbani akapande mahindi ya watoto wake, king'ora cha shamba kilimwita upande wa pili. Na alipoitikia mvua aliandikwa kuwa mvivu. Mvua yenyewe haikuandikwa popote. Tulipoitundika ile reli mwembeni na kuipiga kama kengele, hatukukumbuka kwamba chuma kile kilikuwa na historia hiyo ndani yake.

Baada ya Uhuru saa ikawa yetu, na tukawa na sababu nyingi za kuiheshimu. Mwalimu Julius Nyerere alipowahimiza wananchi wakimbie wakati wengine wanatembea, alisema kweli. Mtoto mwenye homa kali hangojei mkutano. Gari moshi lisilotimiza saa yake huweza kukutana na jingine mahali pasipofaa. Mtahini akisema "kalamu chini", mwanafunzi hawezi kumweleza habari za bamvua. Mtu wa pwani anayechelewa kazini kwa sababu alilala, kisha akajitetea kwa methali, anaidhulumu methali na anawadhulumu wenzake waliofika. Tusimfiche mtu huyo nyuma ya utamaduni.

Basi tuziunganishe vipi saa hizi mbalimbali? Jibu tumelisikia mara nyingi bila kulitambua, katika uwanja wa ngoma. Katika ngoma zetu za pwani huwa kuna vumi, ngoma kubwa yenye sauti nzito, ambayo hupigwa kwa nafasi, na kuna chapuo, ngoma ndogo ambayo hupigwa upesi upesi, na jina lake lina udugu na neno tunalolitumia tusemapo "chapua miguu". Mpiga vumi hamwigi mpiga chapuo, wala mpiga chapuo hamdharau mwenzake kwa kukawia. Kila mmoja anashika mwendo wake, na wachezaji husikia ngoma moja. Tumewaona vijana wakijifunza chapuo. Kosa lao la kwanza ni lilelile: mikono ikishapata wepesi, huikimbiza ngoma, mpaka mzee amwambie kijana asikilize vumi. Kijana akilisikiliza, hupiga upesi kama mwanzo, lakini upesi wake sasa una mahali pa kutua.

Muziki wa Tanga ulionyesha jambo hilohilo kwa namna mpya. Taarabu iliyokuwa ikisikika katika pwani yetu ilifuata zaidi mwendo wa utulivu wa Unguja, wenye vyombo vingi na wasikilizaji walioketi. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Tanga kama Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, ambavyo Shakila Saidi aliviimbia, vilitumia magitaa na kuuchangamsha mdundo, katika mji uleule uliokuwa na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Mwendo ulibadilika, lakini ushairi haukuvunjwa. Mistari iliendelea kupimwa kwa mizani na vina, na fumbo liliendelea kumngoja msikilizaji alifumbue kwa wakati wake. Huo ni ushahidi kwamba watu wa hapa hawakuogopa kuongeza kasi. Waliongeza palipofaa, wakaacha palipokuwa na haja ya utulivu.

Nyumbani nako tumeyapokea mafunzo hayo. Mpishi wa wali wa nazi huosha mchele na kuchochea moto kwa haraka, lakini anapotia tui zito katika mchuzi hupunguza moto na kukoroga taratibu, tui lisije likakatika. Na katika jambo zito kuliko yote, yaani msiba, Waislamu wa pwani wana haraka na utulivu pamoja. Maziko hayacheleweshwi, akifa mtu asubuhi, aghalabu alasiri amezikwa, na kila mwanamume wa mtaa huacha kazi yake akimbie kuchimba kaburi. Lakini kuomboleza hakukimbizwi. Kuna siku za matanga, kuna arobaini, na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Maiti hustahili hima. Moyo wa aliyebaki hustahili muda. Anayeyageuza hayo, akachelewesha mazishi na kuharakisha kumsahau mjane, huhesabiwa kuwa hakufundwa.

Kutokana na hayo twaweza kuelewa kwa nini methali zetu huonekana zinapingana. Mwanafunzi mmoja aliwahi kutuuliza darasani jinsi wazee walivyoweza kusema "haraka haraka haina baraka" kisha wakasema "ngoja ngoja huumiza matumbo". Alidhani amewakamata. Lakini wazee hawakutunga sheria moja ya kutumika kila mahali. Waliacha sanduku la vyombo. Nyundo na msumeno havipingani kwa kuwa kazi zao si moja. Fundi ndiye anayeulizwa kwa nini amepigilia msumari kwa msumeno. Kujua ni methali ipi ya saa hii ndiyo elimu yenyewe, na elimu hiyo haipatikani kwa kuikariri orodha. Hupatikana kwa kuitazama kazi na kuwauliza wanaoifanya.

Tunarudi kwa binti yetu, maana hatujaimaliza habari yake.

Baada ya kuiona ile kalenda tulikubaliana, sisi walimu watatu, kwamba wanafunzi wanaoshuka mwambani siku za bamvua wapewe masomo yao alasiri, na kazi zao za bustani zihamishwe. Halikuwa jambo gumu. Lilitaka ratiba ya ukurasa mmoja na idhini ya kamati ya shule. Mkutano wa kwanza wa kamati wajumbe hawakutimia. Wa pili ulipofika, sisi wenyewe hatukuwa tumeiandika ratiba, tukaomba jambo letu liahirishwe. Tulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Tulikuwa na safari za mjini kufuata mishahara. Kila mmoja alidhani mwenzake anaandika. Bamvua zikaja na kupita mara nne. Kamati ilipokubali, tena bila ubishi wowote, binti alikuwa amekwisha kuacha shule. Mama yake alimpeleka kwa jamaa zake upande wa Pangani. Mwaka uliofuata tukasikia kwamba ameolewa.

Kumwadhibu kulituchukua asubuhi moja. Kumtengenezea njia kulituchukua miezi miwili. Tulikwenda mbio pale palipotaka subira, na tulijivuta pale palipotaka hima. Na yote mawili tuliyafanya sisi tuliokuwa na saa mikononi na kengele mwembeni. Wazee walisema, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Tulikuwa tukiifundisha methali hiyo mwaka uleule, na tuliwapa wanafunzi alama kwa kuieleza vizuri.

Ratiba ile ilitumika miaka iliyofuata, na wapo waliomaliza darasa la saba kwa sababu yake. Hilo lapunguza deni, lakini halilifuti.

Ndugu walimu, watoto mnaowapokea kila asubuhi wanatoka katika kazi zenye miendo mingi: wengine kwa wavuvi, wengine kwa wakulima wanaoitazama vuli, wengine kwa wachuuzi wa sokoni, na wengine kwa mama wanaolala usiku wa manane na kuamka kabla ya alfajiri. Kengele ni moja, na yafaa iwe moja, kwa sababu shule isiyo na saa haiwezi kufundisha wengi. Lakini mtoto akichelewa, kabla ya kuinua fimbo, fungueni daftari la mahudhurio mlisome kama mnavyosoma kitabu. Mkiona mpango katika kuchelewa kwake, ulizeni ni kazi gani yenye mpango huo. Na mkishalijua jawabu, msilingojeshe mpaka mkutano wa tatu.

Nanyi wanafunzi, mtakapoambiwa kwamba watu wa pwani ni wazito, msikasirike wala msicheke tu. Mwulizeni anayesema, kwa upole, ni kazi gani aliyoitazama, na aliitazama saa ngapi. Kisha jiulizeni nanyi swali hilohilo juu ya kazi iliyo mbele yenu leo: je, hii ni ya kungoja maji yapwe, au ni ile ambayo jani limekwisha kukatwa?